Gari Lililosahauliwa Uani
Mjini Kigali, gari lililoachwa uani tangu mvua za Machi hadi Mei huvaa vumbi jekundu nje na kufanya ukungu ndani. Mwenye gari asikimbilie maji. Kwanza afungue milango, atoe mazulia na kuyaanika juani, kwani unyevu uliojificha chini yake ndio uozeshao bati la sakafu kwa kutu. Viti vifutwe kwa siki iliyozimuliwa. Isichanganywe kamwe na dawa ya klorini, kwani hutoa hewa ya sumu. Nje, vumbi limwagiwe maji kabla ya kuguswa, kwani likisuguliwa kavu hukwaruza rangi. Aoshe kuanzia paani kwenda chini. Mwisho, avizibue vitundu vilivyo chini ya milango, maji yasituame. Kinga ni bora kuliko tiba.