Vyombo Vimebadilika, Sauti Isipotee

Wapo wazee wetu wa Maramba ambao, wasikiapo taarabu ya siku hizi, husema kuwa umeme umeiharibu. Sisi twasema, wasiulaumu umeme upesi.

Taarabu ya Tanga ilipata jina kwa umeme huo huo. Wakati Unguja walishika udi na fidla nyingi, Black Star Musical Club ya Tanga ilishika magitaa ya umeme na besi. Kundi lilikuwa dogo, mapigo yalichezeka, na sauti ya mwanamke ndiyo iliyotangulia. Humo aling'ara Shakila binti Saidi, mzaliwa wa Pangani. Aliimba pia na Lucky Star, kisha na kikundi cha Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo kambi yake tunayo hapa Maramba. Alifariki mwaka 2016.

Badiliko la pili lilikuja miaka ya 1990, East African Melody na wenzao walipotegemea vinanda vya elektroniki. Chombo kimoja chatoa ngoma, besi na fidla pamoja. Hapo ndipo penye neno. Gitaa la umeme lilimpa mpigaji kazi. Kinanda hiki chaweza kuwanyima kazi watu wanne.

Hatuikatai mashine. Sisi watu wa mkonge twajua kuwa korona hukamua, lakini haikati jani shambani. Kadhalika kinanda hakitungi shairi wala hakifundishi koo.

Basi, ndugu, tualikapo kikundi arusini, tuulize kwanza: mtunzi ni nani, na wapigaji wako wapi?