Printa Kubwa Ipewe Waya Wake

Mwenye duka la mabango akinipigia simu kutoka Bungoma au Kitale, malalamiko huwa yale yale: printa ni mpya, wino ni mzuri, lakini bango linatoka na mistari. Fundi wa printa ameshakuja, amesafisha vichwa, amelipwa, amekwenda zake. Mimi ni fundi wa mitandao, nakaa Bokoli, na nikifika sianzi na printa. Nauliza data inapitia wapi. Mara nyingi naonyeshwa ruta ya Wi-Fi juu ya kabati, ile ile wanayoitumia wateja wanaosubiri kwenye benchi na kijana wa kaunta anayetazama mpira.

Chukua bango la kawaida la harusi au matanga, mita 3 kwa 1. Kabla halijachapishwa, programu iitwayo RIP huigeuza picha kuwa nukta za wino. Kwa nukta 720 kila inchi, kila rangi inapata nukta kama bilioni 2.4, na rangi ni nne. Hata kila nukta ikihesabiwa biti moja tu, tayari hiyo ni gigabaiti 1.2. Picha ambayo mteja ameituma kwa WhatsApp ikiwa nyepesi kama unyoya imekuwa mzigo.

Sasa, printa inayotoa mita za mraba 15 kwa saa itamaliza bango hilo kwa dakika 12. Ukigawanya, inahitaji megabiti 13 au 14 kwa sekunde. Wi-Fi yoyote ya siku hizi inafika hapo bila jasho, na wenye maduka wanaojua hesabu hawakawii kunikatiza: "Sasa fundi, shida iko wapi?"

Shida ni kwamba printa hailishwi kwa wastani. Kichwa kinachorusha wino huenda na kurudi juu ya plastiki, na kila kinapovuka lazima kikute data imeshafika. Simu tatu za wateja zikianza kupakua programu kwa pamoja, data ya printa inasimama foleni. Sekunde chache tu. Kichwa nacho kinaegea pembeni kungoja. Wakati huo wino uliotangulia unakauka, na ule unaofuata, ambao ulipaswa kukutana nao ukiwa mbichi, unalala juu ya mkavu. Ukilitazama bango dhidi ya mwanga utauona mstari mwembamba unaolikata uso wa bwana harusi katikati. Vichwa vinasingiziwa bure.

Ndiyo maana nasema kasi si hoja. Hoja ni mtiririko usiokatika, na njia rahisi ya kuupata ni kuipa printa mtandao wake peke yake.

Wazo hili si geni. Mtandao wa waya uitwao Ethernet, uliomo katika ofisi karibu zote duniani, ulibuniwa kwa sababu ya printa. Mwaka 1973, katika kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, Marekani, Robert Metcalfe alitakiwa kuunganisha kompyuta zilizoitwa Alto na printa ya leza ya mwenzake Gary Starkweather. Printa ile ilimeza data nyingi kuliko waya za wakati huo zilivyoweza kubeba. Alichobuni kilikwenda megabiti 2.94 kwa sekunde, na siku zile huo ulikuwa mwendo wa ajabu. Kila kitu kingine, intaneti ya ofisini na kamera za ulinzi, kilidandia baadaye.

Kazi yenyewe dukani ni ndogo. Kompyuta moja inafanywa seva ya uchapishaji: ndiyo inayoendesha RIP na kutunza foleni ya kazi. Naiwekea kadi mbili za mtandao. Ya kwanza inakwenda kwenye ruta, ili faili za wateja ziingie. Ya pili inakwenda kwenye swichi ndogo ya gigabiti, na kwenye swichi hiyo hakuna kingine ila printa. Ruta nyingi hugawa anwani zinazoanza na 192.168.0 au 192.168.1, kwa hiyo upande wa printa naupa 192.168.50: seva inakuwa .1, printa .11 na .12. Anwani hizo naziandika kwa mkono zisibadilike. Mahali pa lango, yaani njia ya kutokea nje, napaacha wazi. Ukiweka malango mawili kwenye kompyuta moja itababaika, na huenda intaneti ikapotea asubuhi ya kazi nyingi. Wachora michoro wanaweka faili zao kwenye folda ya seva, basi. Hakuna anayeigusa printa moja kwa moja, wala simu ya mteja haiwezi kunyakua anwani yake.

Kinachonichosha ni waya. Kebo ya mtandao ina nyaya nane ndani. Gigabiti inazihitaji zote nane. Mwendo wa megabiti 100 unatosheka na nne. Kwa hiyo kebo iliyobanwa vibaya, uzi mmoja haujagusa, mara nyingi haifi. Inashuka tu hadi 100 kimyakimya, taa inawaka, na mwenye duka anaamini mambo yako sawa mpaka siku printa mbili zinapofanya kazi pamoja. Nyingine ni alumini iliyopakwa shaba. Ikwangue kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, irudishe dukani.

Siku ya printa mbili kufanya kazi pamoja inajulikana. Kwetu Bukusu tohara ni Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na mwaka 2022 ilikutana na uchaguzi mkuu wa Agosti 9. Mabango ya wagombea, fulana, picha za vijana wanaotahiriwa: printa zilikesha. Waliokuwa bado kwenye Wi-Fi walizungukwa na wateja wenye hasira.

Jambo la mwisho ni la huku kwetu, kwa sababu ya radi. Usivute kebo ya shaba juu ya ua kutoka nyumba hadi nyumba, hata kama ni mita kumi. Radi ikipiga karibu, waya huo unaipeleka hadi ndani ya printa, na kadi yake ikiungua utangoja kipuri kutoka Nairobi, pengine China. Printa ikikaa jengo la pili, tumia nyuzi za kioo, ambazo hazipitishi umeme, pamoja na vifaa viwili vya kugeuza mawimbi, kimoja kila upande. Bei yake ni chini ya roli moja ya plastiki ya mabango. Halafu wingu likianza kuwa jeusi upande wa Mlima Elgon, chomoa na plagi ya stima.