Mashua za Kivita Zilizopita Fungurume: Reli, Ziwa na Ushindani wa Dola Kubwa

Asomaye habari za mikakati ya majini huwaza mara moja bahari kuu na milango yake. Kwetu Kisenge, ambako bandari iliyo karibu kwa reli, yaani Lobito, iko mbali kwa zaidi ya kilometa 1,300, mambo hayo huonekana kuwa ya watu wengine. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba sivyo. Nguvu za majini huanzia nchi kavu, katika njia zinazoleta chombo, kuni na mzinga hadi ukingoni mwa maji. Mfano ulio wazi wa jambo hili ulipita katika ardhi ya Lualaba mwaka 1915.

Vita vilipoanza Agosti 1914, ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika ulikuwa wa Wajerumani, na ule wa magharibi wa Wabelgiji. Tarehe 22 Agosti meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia Alexandre Delcommune ya Wabelgiji huko Lukuga, panapoitwa leo Kalemie. Tangu hapo Wajerumani walivuka ziwa watakavyo, na adui zao hawakuweza. Februari 1915 wakashusha majini meli kubwa zaidi, Graf von Götzen. Ilikuwa imejengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, na kutoka huko hadi Kigoma kwa reli iliyokamilika mwaka 1914. Hata mzinga wake mkubwa ulitoka baharini: ulikuwa wa Königsberg, manowari iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915.

Waingereza walijibu kwa njia iyo hiyo, ila kutoka kusini. Mashua mbili za injini, kila moja ya meta 12, ziliondoka Uingereza Juni 1915 chini ya Geoffrey Spicer-Simson na mabaharia wasiofika 30. Ziliitwa Mimi na Toutou. (Msomaji wa Kiswahili asitafute hapo kiwakilishi cha nafsi ya kwanza, ni Kifaransa cha watoto, majina ya paka na mbwa.) Kutoka Cape Town zilipanda garimoshi hadi Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, na tarehe 5 Agosti zikafika Fungurume, ambapo reli ilikomea siku hizo.

Kutoka Fungurume hadi Sankisia ni kilometa 235 hivi, na katikati ipo milima ya Mitumba. Njia ya kupitisha mizigo ya namna hiyo haikuwapo. Ilibidi ikatwe msituni, na madaraja yapatayo 150 yajengwe kwa magogo. Mashua zilivutwa na mitambo miwili ya mvuke. Mitambo iliposhindwa, wakafungwa maksai. Na maksai waliposhindwa, kamba zikashikwa na watu. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na mitambo ile ilikunywa maji mengi. Wanawake wa vijijini wakayabeba kwa mitungi kutoka mbali. Vitabu vya vita hivi hueleza kwa urefu vituko vya Spicer-Simson, hata sketi aliyokuwa akiivaa, bali majina ya waliokata njia hayamo. Kwa maoni yetu upungufu huo si wa huruma tu, ni wa uchambuzi pia: anayeacha kuwahesabu hawezi kueleza mashua zilifikaje ziwani. Mwisho wa Septemba zilikuwa Sankisia. Kisha Bukama, Mto Lualaba, Kabalo, na mwisho wa Oktoba zikawa Lukuga.

Mapigano yenyewe yalikuwa mafupi. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilitekwa. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikazamishwa. Götzen haikupigana na mashua zile hata mara moja. Mzinga wake ulihitajika nchi kavu, ukaondolewa, na mahali pake ukawekwa wa mti. Wabelgiji walipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe, Julai 1916. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Mantiki iyo hiyo iliifikia Kisenge miaka sitini baadaye. Reli ya Benguela, iliyounganishwa na Katanga mwaka 1931, ilikatwa na vita vya Angola Agosti 1975, vita ambavyo nyuma yake zilisimama Marekani, Afrika ya Kusini, Kuba na Muungano wa Kisovieti. Hakuna manowari iliyoufunga mlango wa Lobito, lakini kwa manganizi yetu ilikuwa kana kwamba umefungwa. Shaba ya Kolwezi ina thamani ya kutosha kulipia safari ndefu ya kusini. Manganizi ni nzito na bei yake ni ndogo, haiwezi. Machimbo yakadorora, kisha yakanyamaza.

Leo wanaoshindana ni wengine. Wachina, waliojenga TAZARA kuelekea Dar es Salaam miaka ya 1970, ndio pia waliojenga upya reli ya Angola baada ya vita. Lakini mwaka 2023 uendeshaji wake ulikabidhiwa kwa miaka 30 kwa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, kampuni zinazoungwa mkono na Marekani. Desemba 2024 Rais Biden alifika mwenyewe Lobito. Kobalti na shaba ziko katikati, na kila upande wavutia kwenye bahari yake. Sehemu ya Kongo, kutoka Dilolo hadi Kolwezi, zaidi ya kilometa 400, ni ya SNCC, na ndiyo iliyochakaa kuliko zote. Ndiyo hiyo tunayoitegemea Kisenge.