Tuliifuata Shaba Hadi Baharini

Wasomaji wetu wa kambini na wa vituoni wametuuliza mara kadhaa iwapo kijana asiye na mali aweza kuzuru nchi za nje na kurejea salama. Tutawajibu kwa habari ya safari moja tu, tuliyoifanya mwaka 2013, vijana wawili wa Bulembia, mara baada ya kuvua majoho ya mahafali. Mmoja wetu leo ni polisi; wa pili ndiye aandikaye mistari hii.

Ng'ambo ya kwanza tuliyoijua haikuwa mbali. Tulipokuwa wadogo tulishuka Bwera siku za gulio, tukavuka mto Lhubiriha pale Mpondwe, na mara tukawa Kasindi, katika Kongo. Huko watu walisema lugha yetu. Sisi twaiita Lhukonzo, wao Kinande, na muuza maharagwe hasumbuki na tofauti hiyo. (Hayo yalikuwa kabla ya Juni 2023, waasi wa ADF walipowaua wanafunzi wa Lhubiriha. Hiyo ni habari ya peke yake, wala hatutaichanganya na hii.) Lakini kuvuka daraja hakukutushibisha. Tulitaka kwenda ilikokwenda shaba.

Ikumbukwe kwamba baba zetu walikuwa wachimbaji wa Kilembe. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo. Ikapelekwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa Owen Falls, kisha ikateremshwa Mombasa na kupakiwa melini. Uchimbaji ulikoma mwaka 1982. Baba wa mwandishi alichimba miaka 13, wala hakupata kuiona bahari. "Shaba ilikatiwa tikiti," alizoea kusema, "mimi sikukatiwa."

Ilipofika zamu yetu, treni ya Kasese haikuwako tena. Tulikuwa na shilingi 400,000 za Uganda kwa watu wawili, nusu yake bei ya kahawa ya mama yake mwenzetu. Tulikuwa pia na hati za muda kutoka Uhamiaji, begi moja, na chupa tupu ya plastiki. (Tangu mwaka 2014 Mganda aweza kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, askari, bila shaka, huanza na ruhusa ya mkuu wake.) Mwaka 1906 mwanamfalme wa Kiitaliano, Duke wa Abruzzi, alipokuja kuvipanda vilele vya Rwenzori, aliifuata njia hiyo kinyume: Mombasa, reli hadi ziwani, meli hadi Entebbe, kisha miguu, na mamia ya wapagazi nyuma yake. Sisi begi tulipokezana.

Tulisafiri usiku ili basi liwe ndilo nyumba ya wageni. Kutoka Nairobi tulipanda treni ya zamani, daraja la tatu, ile iliyoachishwa mwaka 2017 reli mpya ilipoanza. Ilichelewa mno, wala hatukuudhika, maana kila saa ya kuchelewa ilikuwa saa ya malazi bure.

Mombasa ndiko tulikogundua kwamba hatujui Kiswahili. Chetu tulikiokota kwa askari wa Kasese na wachuuzi wa Mpondwe, nacho kilikuwa cha amri. "Mama, leta chai haraka!" tulimwambia muuza mahamri wa Mji wa Kale. Akatutazama kwa huruma. "Wanangu, mtu kwanza husalimiwa." Tukasema shikamoo, tukaongezewa mbaazi. Tangu siku ile tulikula kwake, naye alisahihisha kila kosa la ngeli kabla ya kupokea pesa. Miaka kadhaa baadaye, mmoja wetu alipoingia chuo cha kadeti, alikikuta kile Kiswahili cha amri kikimngoja mlangoni.

Fort Jesus tuliizunguka kwa nje. Feri ya Likoni haimtozi nauli mwenda kwa miguu, basi tulivuka mara sita kwa siku moja, kwani kutoka pale meli za Kilindini huonekana bila kibali. Upande wa pili tukaijaza chupa maji ya bahari, zawadi ya mzee.

Jioni ya tarehe 1 Mei simu ililia. Ilikuwa sauti ya jirani: mto Nyamwamba umevunja kingo, umebeba nyumba na madaraja, maji yameingia hospitali ya Kilembe. "Na mzee?" Simu ikakatika. Kila namba ya Kilembe tuliyoijua haikupatikana tena.

Hapa yatupasa kukiri kosa. Nauli ya kurudi, ambayo msafiri mwenye akili huishona ndani ya nguo, tulikuwa tumeila. Zilibaki shilingi 1,900 za Kenya, za kumfikisha mtu mmoja mpakani. Mwenzetu akasema aende mwenye baba. Mwenye baba akakataa kumwacha mwenziwe ugenini. Tulibishana usiku kucha, na alfajiri tukaenda kwa miguu hadi Changamwe, yanakolala malori.

Dereva mmoja wa Uganda, mtu wa makamo, alitusikiliza akiwa amelala chini ya lori lake na spana mkononi. Alitaka jambo moja: tukeshe kwa zamu kulinda mzigo na mafuta, yeye alale. "Mkisinzia nitawashusha, hata kama ni Tsavo." Hatukusinzia. Mariakani, Mlolongo, Gilgil, kila penye mizani palikuwa na foleni, nasi tulikula alichokula. Siku ya tatu Malaba, ya nne Kampala. Zile 1,900, tulizozibadili mpakani, ndizo zilizotufikisha Kasese tarehe 6. Siku moja kabla, mto ulikuwa umefurika tena.

Tulipanda Kilembe kwa miguu, juu ya mawe yaliyolala mahali ilipokuwa barabara. Nyumba haikuwako. Mzee tulimkuta katika darasa la shule pamoja na familia nyingine, kofia yake ya mgodini magotini. Ndicho kitu pekee alichokiokoa. Hakuuliza tulikokuwa. Tukatoa chupa. Akachovya kidole, akaonja, akafikiri kidogo.

"Ni chumvi kama ya Katwe tu," akasema, akaikaza kizibo na kuilaza ndani ya kofia.