Mtoto anaumwa kichwa kila safari? Chungulia chini ya gari

Jumamosi asubuhi familia inatoka Tunduma kwenda Mbeya kumwona bibi. Ni Julai, baridi ya Mbozi inauma, vioo vyote vimefungwa. Kabla ya kutoka mjini mnakwama kwenye foleni ya malori, injini inanguruma palepale. Mkifika Mlowo, mdogo analalamika kichwa na dada yake anataka kutapika. Mnasema ni uchovu wa safari, mnawapa dawa ya maumivu.

Huenda ni hivyo. Lakini watoto wakipata nafuu kila wakishuka garini, mzazi, kagua ekzosi.

Magari mengi tunayonunua yametumika Japani. Altezza, Mark X au Subaru huenda aliyekuwa nalo kule alilifunga ekzosi ya mlio mkubwa na springi fupi ili likae chini. Ukaguzi wa Japani hukubali gari lenye nafasi ya sentimita 9 tu kutoka ardhini. Kwa lami yao, sawa. Kwa matuta yetu na njia za mashamba ya kahawa, bomba hugonga, viungo vyake huachia, na moshi hupenya ndani kupitia matundu ya sakafu.

Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Ikizidi, inaua.

Masega hupunguza sumu hiyo kabla moshi haujatoka nje. Kwa kuwa yana madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, yana soko, na baadhi ya mafundi huyatoa bila mwenye gari kujua. Piga picha chini ya gari kabla ya kuliacha gereji, kisha piga tena unapolichukua.

Utajuaje?

Ekzosi: Mdomo mpana, mlio mzito na jina kama HKS au Fujitsubo kwenye sailensa ni dalili kwamba si ya kiwandani. Bomba lililonyooka lenye alama mpya za kuchomelea, mahali palipokuwa na kiboksi cha masega, lina maswali. Masizi meusi kwenye kiungo maana yake moshi unavuja.

Springi na shokapu: Springi za kiwandani kwa kawaida ni nyeusi. Ukiona nyekundu, bluu au kijani, au shokapu yenye nyuzi kama za skrubu, zimebadilishwa. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu kisha achia. Likinesanesa zaidi ya mara mbili, au shokapu ikilowa mafuta, imechoka. Gari la hivyo huchelewa kusimama, na barabara hii tunagawana na malori.

Ukibadilisha

Nenda dukani na namba ya chesesi, si jina la gari pekee. Kwa Toyota, namba ya spea ya shokapu za mbele huanza na 48510 kulia na 48520 kushoto. Badilisha kulia na kushoto kwa pamoja, kisha pima alaimenti. Hakikisha fundi anatumia kibanio cha springi, kwani springi ikifyatuka inaweza kumuua. Kwa ekzosi, dai gasketi mpya kwenye viungo na masega yarudi mahali pake. Kuziba tundu kwa kopo na waya si matengenezo.

Watoto wakionyesha dalili hizo njiani, simama, zima injini, washushe wapate hewa safi, kisha wapelekeni hospitali na mwelezeni daktari kuhusu moshi. Gari lisibebe mtoto tena hadi fundi alipandishe na kulikagua chini.