KUTOA SHEMINE BILA KUANGUSHA NYUMBA



Katika nyumba nyingine za wakati wa Wabeleji kuna shemine: jiko la matofali lililoshikamana na ukuta, na njia yake ya moshi inapanda mpaka juu ya manjanja. Leo watu wanapikia makala inje, basi wanataka kuitoa ili chumba kipate nafasi. Kazi inaonekana nyepesi, lakini inaweza kuua mtu.

Hatari inatoka wapi? Wengi wanaanza chini, maana ndiko wanakotaka nafasi. Wanasahau kwamba ya chini ndiyo inabeba ya juu. Tufanye hesabu. Shemine ya sm 60 kila upande, yenye tundu la sm 20, ikipanda meta 2, ina matofali ya meta kibu 0,64. Meta kibu moja ni kilo 1.700 hivi. Basi ni zaidi ya tani nzima juu ya kichwa cha fundi, imeshikwa na udongo tu!

Njia nzuri ni kuanza juu. Tushushe tofali kwa tofali, kwa ndoo, hapana kutupa ndani ya tundu. Kisha tuzibe manjanja mbele ya mvua.

Kama mwenye nyumba anataka kuacha sehemu ya juu, lazima itegemezwe kwanza. Boriti fupi zinapitishwa ndani ya ukuta chini ya matofali yatakayobaki, na kila mwisho unashikwa na mti mnene uliosimama juu ya ubao mpana. Halafu tunaweka boriti ya chuma au ya beto, pande zote mbili ilale sm 20 juu ya ukuta mzima. Fundi anayejua hesabu ndiye aamue unene wake. Beto inangoja siku 28. Miti isitolewe mapema. Ukuta wa matofali mabichi utapondeka chini ya boriti hiyo: hapo tufuate njia ya kwanza tu.

Tukumbuke pia tarehe 5 Desemba 2005: tetemeko la 6,8 katika Ziwa Tanganyika lilibomoa nyumba kule Kalemie. Tofali lisilo na tegemeo halingoji tetemeko la pili.

Hapa Kiambi shemine ni chache, lakini kupanua mlango au dirisha ni jambo lile lile. Mbele ya kupiga nyundo, tuulize: uzito huu, kesho nani ataubeba?