Mnunuzi Naye Ana Haki ya Kukataa

Mkulima wa chai katika sehemu za Kericho na Bomet anajua kukataliwa. Hufika kituoni na kikapu chake, karani akayapekua majani, na yale yaliyokomaa kupita kiasi akayatenga. Kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi; kisichofikia kipimo hicho hurudi nyumbani na mwenyewe. Wengi hunung'unika, lakini hakuna asiyekubali kwamba anunuaye anastahili kitu chema. Ajabu ni kwamba mkulima yuyo huyo aingiapo dukani mjini, husahau kuwa sasa yeye ndiye karani.

Nasema hivi kwa kuwa nami nilisahau. Wanafunzi wa chama cha wanahabari shuleni petu, upande wa Bomet, walichanga fedha kwa mihula mitatu ili tununue lenzi mpya ya kamera. Nilikwenda Kericho, nikaitazama lenzi, nikaiona inang'aa, nikalipa. Kesho yake tulipiga picha ya michai iliyochumwa ikawa sawasawa kama meza. Upande wa kushoto kila jani lilionekana. Upande wa kulia palikuwa na ukungu, ilhali asubuhi ile ilikuwa angavu. Tuliigeuza kamera juu chini, na ukungu ukahamia kushoto. Basi kasoro haikuwa shambani, ilikuwa ndani ya lenzi.

Nilirudi dukani na wanafunzi wawili. Mwenye duka alituonyesha bango ukutani: mali ikishauzwa haipokelewi tena. Akaongeza kwamba dhamana ni ya mtengenezaji, naye yuko ng'ambo. Nilikuwa nikiondoka kwa haya, mmoja wa wanafunzi aliponinong'oneza: "Mwalimu, na kile Kifungu cha 46 ulichotufundisha?"

Kifungu hicho cha Katiba ya mwaka 2010 humpa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa maelezo anayohitaji, na kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro zake. Nayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humtaka anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze kitu kinachofaa kuuzwa. Kasoro ambayo mnunuzi angeiona kwa kukagua dukani haihesabiwi. Lakini nani ataona kwa macho matupu kioo kilichopachikwa upande ndani ya lenzi? Zaidi ya hayo, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 hubatilisha sharti lolote la mkataba linalojaribu kuiondoa dhamana hiyo ya kisheria. Bango la ukutani, basi, haliishindi sheria. Karatasi ya mtengenezaji ni nyongeza tu. Mkataba wangu ni na aliyepokea fedha zangu.

Hata hivyo, haki huandamana na wajibu. Mnunuzi atunze risiti, akijaribu chombo mapema, na akiona kasoro aseme bila kukawia, kwani akikaa nacho muda mrefu huhesabiwa amekikubali. Tena awe mkweli. Lenzi iliyoota kuvu kwa kufungiwa kabatini katika unyevu wa mvua zetu si kosa la muuzaji.

Nilimweleza mwenye duka hayo kwa upole, picha zikiwa mezani. Alizitazama kwa muda, akatoa lenzi nyingine. Angekataa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, wala mlalamishi halazimiki kuwa na wakili.

Walimu wenzangu, mara nyingi tunaifundisha Katiba ili wanafunzi wapite mtihani, kisha tunaiacha darasani pamoja na chaki. Siku ile ni mwanafunzi aliyeichukua hadi dukani, na mwalimu wake akaona haya kwa kuwa hakuikumbuka yeye mwenyewe. Tuwafundishe vijana wetu kupekua wanachouziwa kama karani apekuavyo majani ya wazazi wao, na kukirudisha kibovu bila matusi na bila hofu.